Shangazi, Hita na Kobe wa Soko Mjinga

Kwetu Mombasa posa haina mzaha. Huteuliwa mzee mwenye maneno, mama mwenye macho ya kukagua nyumba ya watu bila kugeuza shingo, na sahani za vitu vitamu. Bwana harusi mwenyewe huachwa nyumbani akitafuna kucha. Binamu yangu alikataa kuachwa. Alisema atakuja kubeba mizigo. Na kwa kuwa msichana ni wa Naivasha, na mimi naishi South C, Nairobi, na nina gari, kikao kilikaliwa Mombasa bila mimi, kikaamua kwamba msafara utalala kwangu Ijumaa na Jumamosi asubuhi nitaupeleka kwa wakwe.

Ilikuwa Julai.

Shangazi alifika kwa treni usiku pale Syokimau, akasimama mlangoni mwa behewa, akauliza, "Nani ameacha friji wazi?" Alikuwa amevaa buibui, ndani ya buibui sweta, ndani ya sweta sijui nini, na juu ya yote hayo leso mbili. Nyuma yake alikuwa Ami, ndugu wa marehemu mumewe. Huyo ndiye aliyekuwa mzee wetu mwenye maneno, ingawa tangu Mtito Andei alikuwa amelala. Nyuma ya Ami binamu, na nyuma ya binamu mizigo: halwa, visheti, mahamri ndani ya ndoo yenye mfuniko, na sanduku ambalo sikuruhusiwa kuuliza lina nini.

Sasa gari. Gari langu ni la umeme, mtumba kutoka Japani, toleo la mwanzo mwanzo. Lilitoka kiwandani na betri ya kilowati-saa 24, lakini betri nayo huzeeka. Vile vijistari 12 vya afya yake kwenye dashibodi vimebaki tisa. Kwa shughuli za mjini halina mwenzake. Nalichomeka usiku kwenye soketi ya nyumbani, asubuhi limeshiba, na kituo cha petroli naenda kununua maziwa tu. Ndani yake mna mwanamke wa Kijapani anayezungumza kila nikiliwasha, na ramani isiyoijua nchi nyingine yoyote ila kwao. Na mna kile kipimo cha kilomita zilizobaki, ambacho mimi nakiita mnajimu, kwa sababu hutazama ulivyoendesha muda mfupi uliopita, kisha hukutabiria maisha yako yote.

Hesabu ya safari nilikuwa nimeipiga mapema. Kutoka kwangu hadi Naivasha ni kilomita 90 na kitu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kabla ya kuteremka Naivasha ni lazima upande Limuru, uvuke mita 2,000 na uzidi kupanda. Kuliinua gari lenye watu wanne, halwa na sanduku la siri mpaka huko juu kunakula kilowati-saa nne au tano peke yake. Mteremkoni hurudishiwa kiasi, maana ukiachia mwendo mota hugeuka jenereta na kuichaji betri, lakini hurudishiwi zote. Bila hita, naingia Naivasha na akiba. Na hita, hapana.

Hili nilimweleza shangazi usiku ule sebuleni kwa kirefu, mpaka akaniambia nimeanza kufanana na baba yangu. Nilimwambia gari la petroli ni fujo tupu: zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta hugeuka joto na kutupwa nje kwa rejeta na ekzosi. Ukiwasha hita unaokota mabaki, hulipi kitu. Mota ya umeme haina fujo hiyo. Karibu nguvu yake yote inakwenda magurudumuni, kwa hiyo haina mabaki ya kumpa mtu. Joto lote ni la kupikwa upya, na kwenye gari kama langu hupikwa kwa njia ya birika: umeme unapita, kitu kinachemka, basi. Kilowati tatu au nne zinakwenda. Magari ya baadaye yamewekewa pampu ya joto, ambayo ni kiyoyozi kilichogeuzwa kinyume, hunyonya joto la nje na kulileta ndani, na kwa kilowati moja ya umeme huweza kukupa joto la kilowati mbili au tatu. Langu halina. Tena hita hailipishi kwa kilomita, inalipisha kwa saa. Ukikimbia, kwa saa moja umefika mbali. Ukikwama, kwa saa moja umekula betri na bado unatazama tako la lori lile lile.

"Gari la marehemu lilikuwa na hita," shangazi akasema, "na lilifika Lamu."

"Shangazi, nani anawasha hita kwenda Lamu?"

"Sikusema tuliwasha. Nimesema ilikuwapo."

Dawa ninayoitumia mimi, na wenye magari haya wote wanaijua, ni kulipasha gari likiwa bado limechomekwa ukutani. Stima ya nyumba ndiyo inayolipa, betri inabaki nzima, unaondoka ndani mna joto. Saa moja na nusu asubuhi nikafanya hivyo. Gari likawa na joto zuri la saa nane mchana Kisauni. Nikawaita.

Shangazi akatoka, akafungua mlango wa mbele, akaketi huku miguu iko nje, akaanza kumuaga jirani yangu waliyejuana usiku uleule. Walikuwa wamegundua kwamba wote wana watu wao Malindi. Watu wa Malindi ni wengi. Binamu akafungua buti kupanga mizigo, akakumbuka halwa iko jikoni, akarudi. Ami akaenda msalani, na Ami msalani ni mradi. Milango ilipofungwa hatimaye, ndani ya gari na nje ya gari hali ya hewa ilikuwa moja, na vioo vilikuwa vimeanza kutoka jasho.

Mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake. Shangazi akamjibu, "Alhamdulillahi, na wewe je?" Kisha akanigeukia. "Washa hita."

Nikajaribu elimu. Nikamwambia kwamba mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme, na kwenye baridi ya karibu nyuzi saba chini ya sifuri, hita ikiwaka, umbali ambao gari linaweza kwenda ulipungua kwa asilimia 41 kwa wastani. Baridi yenyewe bila hita ilipunguza asilimia 12 tu. Na kwenye joto la nyuzi 35, kiyoyozi kikiwashwa, ni asilimia 17. Ndiyo kusema gari hili lingekula raha Mombasa, maana kupoza kutoka 32 mpaka 24 ni nyuzi nane, na kupasha kutoka kumi za Limuru mpaka hizo 24 ni nyuzi 14.

"Hao Wamarekani walikuwa wanakwenda posa?"

"Hapana, shangazi."

"Basi washa."

Nikatoa silaha yangu ya mwisho. Viti vya gari hili vina vipasha joto ndani ya kitambaa. Kiti kimoja kinakula kama wati mia moja, mara nyingine hata chini ya hapo, kwa sababu hakihangaiki kupasha hewa, vioo na dari. Kinampasha mtu pale alipokaa. Hita ya hewa inayotaka kilowati tatu ingeweza kuwalipia watu thelathini wenye viti kama hivyo. Nikabonyeza kitufe cha kiti chake kimyakimya, tukaingia Southern Bypass, nikajua nimeshinda.

Tulipokuwa usawa wa Lang'ata shangazi alinyooka ghafla. Akatazama mbele. Akaniita kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mwanangu, simamisha gari. Kuna jambo limenitokea."

"Jambo gani, shangazi?"

"La utu uzima. Nahisi ujotojoto. Usiwaambie hao wa nyuma."

Ilibidi nimweleze haraka kabla hajaanza kutoa wasia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akainama, akagusa kiti kwa kiganja, akahakikisha. Aibu ikatoka, hasira ikaingia.

"Kwa hiyo muda wote huu gari limenishika?"

"Ni waya tu, shangazi, ndani ya kitambaa..."

"Mimi ni mjane. Sishikwi na kiti. Zima hiyo, na uwashe hita ya heshima, ya kupuliza."

Nikazima kiti, nikawasha ya kupuliza, nikaiweka nyuzi 20. Akaipandisha 30. Mnajimu aliyekuwa akitabiri kilomita 104 akafikiri kidogo, akatabiri 86.

Rironi ndipo njia zinapogawanyika. Mimi nilitaka njia ya chini, ya Mai Mahiu, kwa sababu haikulazimishi kupanda mpaka kwenye mawingu ya Kinale kabla ya kuteremka. Shangazi alikuwa ameonyeshwa na mtu kwenye simu picha za ule mteremko wa bondeni, malori yanavyoubana ukuta na upande wa pili hakuna kitu ila hewa. Akasema hatafika kwa wakwe akiwa jina tu. Nikamweleza habari za kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa Kitaliano wa vita vya pili waliokuwa wakiikata barabara ile, nikidhani utalii utamvuta. Akauliza mateka wangapi walikufa. Tukapita ya juu.

Na ya juu, mbele kidogo, lori la viazi lilikuwa limelala kwa ubavu.

Sijui kama umewahi kukaa kwenye foleni ya barabara ya Nakuru, ukungu umeshuka mpaka kwenye boneti, wauza karoti wanatokea na kupotea bila mwili, na ndani ya gari mna namba inayopungua ilhali gari limesimama. Mtu wa petroli haijui dhiki hiyo kwa sura hiyo. Kwenye skrini mna ukurasa unaoonyesha umeme unakokwenda: magurudumu yalikuwa karibu na sifuri, tulikuwa tunasogea urefu wa kabati kila baada ya dakika kadhaa, hita ilikuwa juu, imetulia, inakula. Chini yake gari limekuandikia, kwa ukarimu wa Kijapani, ni kilomita ngapi ungezipata ukizima hewa. Nikamwonyesha shangazi.

"Tazama. Tukizima, tunaongezewa kilomita 14."

"Na mimi nikifa kwa baridi, zinaongezeka ngapi?"

Ami akafumbua jicho moja kule nyuma. "Kwa uzito wako, hata tatu hazifiki," akasema, akalifumba.

Basi nikaanza uhuni. Shangazi akitazama dirishani, nazima. Akihisi baridi, anatazama, nawasha. Binamu aliingia kwenye njama: akawa anamwonyesha mama yake vitu. "Mama, tazama kabichi ile." Nazima. "Mama, tazama yule punda." Ukungu ulikuwa mzito, punda hayupo, lakini mama alitafuta kwa bidii, na kila punda alitupa dakika mbili.

Tatizo la kuzima ni kwamba watu wanne hupumua. Pumzi ya mtu ina maji, na kioo cha Limuru mwezi wa Julai ni baridi, kwa hiyo yale maji hurukia kiooni. Kufumba na kufumbua nilikuwa naendesha ndani ya glasi ya maziwa. Shangazi akavua leso ya juu, akawa anafuta upande wake. Leso ikalowa, akabaki na leso moja, baridi ikazidi, hasira nayo. Njia ya kukausha kioo bila kumwaga betri ni kuwasha kiyoyozi, kwa sababu kiyoyozi hukamua unyevu kwenye hewa, na mashine yake inakula kidogo kuliko ile hita. Nikabonyeza. Ile alama ya barafu ikawaka mbele ya macho ya shangazi.

Kimya.

"Binamu yako," akamwambia mwanawe, "katika baridi hii ya kuua, ametuwashia barafu."

"Ni ya kukausha kioo, shangazi!"

"Baba yako alikuwa hivi hivi. Mwaka ule wa mvua kubwa alikuja kutuazima ndoo."

Sikuelewa, na sikuuliza. Kuanzia hapo mkono wake uliwekwa rasmi juu ya vitufe vya hewa, na mimi nikabakiwa na usukani. Foleni ilipofunguka tulikuwa tumebakiwa na betri ya mtu anayekwenda dukani, na barabara ilikuwa bado inapanda. Mnajimu akasema 22, tukapanda kidogo akasema 13, tukapanda tena akasema tisa. Kisha akaacha kusema. Gari hili likiona betri imekaribia kwisha halikupi namba tena, linaandika vistari vitatu tu. Mwanamke wa Kijapani, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya, akaanza kuzungumza kwa upole, sentensi ndefu ndefu.

"Anasemaje?" shangazi akauliza.

"Anauliza kama tunataka kupelekwa kituo cha chaji kilicho karibu."

"Mwambie ndiyo, jamani, mbona unamnyima jibu?"

"Shangazi, cha karibu anachokijua yeye kiko Japani."

Halafu kobe akawaka. Si utani, kwenye dashibodi ya gari hili mna taa yenye picha ya kobe. Ikiwaka maana yake gari limejipunguzia nguvu na linakupa muda mfupi wa kutafuta pa kufia. Ami aliamka kabisa kwa mara ya kwanza siku ile, akainama katikati ya viti, akavaa miwani.

"Huyu kobe?"

"Ndiye, Ami."

"Msiwe na wasiwasi. Kobe ni mwerevu. Hadithi zote hufika yeye."

Alitufikisha Soko Mjinga. Wapitao barabara ile wanapajua: kabichi, viazi, karoti zilizooshwa, vibanda pande zote. Nikaliviringisha gari mpaka mbele ya kibanda cha kinyozi, kwa sababu ndicho kilichokuwa na waya wa stima ulionyooka. Kinyozi, kijana mwenye koti zito na kofia ya sufu, alitutazama tukishuka: mama wa buibui akitetemeka, mzee wa kanzu, kijana mwenye ndoo ya mahamri. Nikamweleza shida yetu, nikamwambia nitanunua tokeni zote tutakazotumia na juu yake nitamlipa.

"Simu ama gari?" akauliza.

"Gari."

Akacheka mpaka mteja aliyekuwa kitini naye akacheka. Lakini alikubali. Nikatoa waya wangu wa kuchaji na ekstensheni, na hiyo ekstensheni nikaikunjua yote mpaka mwisho wake. Usiichaji gari na waya ukiwa umezungushwa kwenye kibiringi, utayeyuka. Gari likaanza kunywa kilowati mbili na kitu. Tulihitaji saa mbili tatu, maana mbele yetu ni mteremko zaidi.

Shangazi akakaribishwa kwenye hoteli ya jirani, chumba kimoja chenye jiko la makaa. Mama mwenye hoteli alimtazama mara moja tu, hakuuliza swali, akajaza maji ya moto kwenye ule mpira wa maji, akaufunika kitambaa, akamkumbatisha tumboni. Nilikaa pale na uji wangu nikapiga hesabu, siwezi kujizuia: maji yale ya lita mbili yalikuwa na joto ambalo hita yangu ingelimaliza kwa dakika mbili hivi. Na shangazi alikaa nayo saa nzima akiwa amefumba macho kwa raha. Nikataka kumweleza kwamba ndicho nilichokuwa nasema tangu Lang'ata, mpashe mtu, uiache hewa. Nikaona uso wake ulivyotulia. Nikanywa uji.

Kosa la binamu ni kuona kiti cha kinyozi kitupu. Alikuwa na wasiwasi wa wakwe, na mtu mwenye wasiwasi hutafuta cha kutengeneza. Akasema wacha apunguzwe pembeni kidogo, atokee. Kinyozi akaanza upande wa kushoto. Alifika vizuri mpaka juu ya sikio, akapita nyuma, akakaribia kisogo. Mashine ikanguruma chini, ikakohoa, ikanyamaza. Redio ikanyamaza. Taa ikazimika. Gari langu nalo, kule nje, likalia mlio wake wa kukatiwa.

Kinyozi akaenda kutazama mita. "Boss, nilikuwa na yuniti za kunipeleka mwisho wa mwezi," akasema polepole. "Hii gari yako imefika mwisho wa mwezi peke yake."

Nikanunua tokeni papo hapo kwa simu. Pesa zikaenda. Zile namba 20 za tokeni, za kubonyeza kwenye mita, hazikuja. Tukangoja. Tukatazama simu. Tukaizima tukaiwasha. Kinyozi akapanda juu ya kreti kutafuta mtandao. Binamu alikaa kitini na shuka shingoni, kushoto Dubai, kulia msitu. Kinyozi akajitolea kumalizia kwa wembe, lakini kwa wembe ingebidi kichwa chote kiende, na shangazi, aliyeitwa kutoa uamuzi, akasema hakumzaa mwanawe akiwa na nywele ili ampeleke posa akiwa kipara.

"Mkasi?"

"Umeenda kunolewa Limuru."

Saa kumi na moja ikagonga. Wakwe walikuwa wametutarajia chakula cha mchana. Kwa betri tuliyokuwa nayo, na mteremko uliokuwa mbele, nilijua tutafika. Nikamwachia kinyozi pesa yake ya pembeni, tokeni zikija ni zake zote. Ami akavua kofia yake ya vito, akamvisha binamu, akaishusha mpaka masikioni.

Mteremko ulikuwa mtamu. Mota ilirudisha umeme, mnajimu akapata sauti, akaanza na kilomita 20, kadiri tunavyoshuka zinaongezeka badala ya kupungua, na bonde lote likafunguka upande wa kushoto na Longonot katikati yake. Hita ilikuwa imezimwa na hakuna aliyelalamika. Nikaona hilo si la kawaida. Nikatupa jicho chini kwenye vitufe. Taa ya kipasha kiti cha mbele kushoto ilikuwa imewaka, kiwango cha juu.

"Shangazi, kiti..."

"Tazama barabara."

Tuliingia Naivasha wakati wa magharibi. Baba wa msichana ni mtu mwema. Alitusikiliza, akatuonyesha soketi iliyo kwenye ukuta wa banda la gari, akasema chomekeni mrudi kesho salama. Wanawake wakamwonea shangazi huruma, wakamwambia aoge maji ya moto kwanza. Wanaume tukaketi sebuleni. Binamu alikuwa kwenye kochi la pembeni na kofia yake, mnyenyekevu, macho chini. Mzee alikuwa amekwisha kumsifu mara mbili: siku hizi vijana hawavai kofia hata msikitini, huyu hajaivua tangu aingie.

Ami akakohoa, akamsalia Mtume, akaanza. Na Ami, nikubali, ana maneno. Alianza na ua tuliloliona bustanini, akaja kwa mtunza bustani, akawa anazunguka vizuri kuelekea kwenye ombi lenyewe, ndipo shangazi akafungua shawa. Shawa ile ni ya kuchemsha papo hapo. Inakula kama kilowati tano. Gari nje zinakwenda mbili na zaidi. Jikoni walikuwa wamewasha oveni kutupashia chakula cha mchana. Swichi kubwa ikaruka, nyumba nzima giza, na kutoka bafuni ikaja sauti ya mtu wa pwani aliyepata maji ya Naivasha mgongoni.

Kwenye giza watu hujiachilia. Binamu alikuwa akiwashwa na vinywele vya kinyozi tangu Soko Mjinga. Akaona hii ndiyo nafasi yake. Akaivua kofia, akajikuna kwa mikono miwili, kushoto, kulia, akashusha pumzi.

Mtu akapandisha swichi.

Mzee alimtazama kwa muda. Akamtazama Ami. "Hii," akasema, "ndiyo mitindo ya Mombasa?"

Nilitazama zulia. Ami hakupepesa. "Ndiyo ada yetu," akasema. "Nusu hunyolewa siku ya posa. Nusu iliyobaki tunaiacha mpaka tusikie jibu lako."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akaomba kalamu. Akasema jibu ni ndiyo, mengine tutayaandika sasa hivi, na akayaandika: mahari, kitanda na kabati, mkoba wa mama mzazi. Akafika chini ya karatasi, akasikiliza kidogo ule mvumo wa gari letu likinywa kule bandani, akaongeza mstari mmoja: tokeni za stima, shilingi mia sita, zilipwe taslimu kabla ya alfajiri.

"Mia nne!" shangazi akapaza sauti kutoka bafuni, maji yakiwa bado hayajapata moto.